Bei ya Mama Kubaki Hai: Hesabu za Arua na Koboko

Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 uliiletea Uganda habari ya kumshukuru Mungu. Wanawake wanaofariki kwa sababu ya ujauzito au uzazi walikadiriwa kuwa 189 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2016 ulikuwa umetaja 336, na ule wa 2011 ukataja 438. Katika kipindi hichohicho, akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka 57% hadi 73%, kisha 91%. Nyuma ya namba hizo kuna wakunga waliokesha, kuna waume waliouza mbuzi wapate nauli, kuna wodi za wazazi zilizojengwa mahali palipokuwa na mwembe tu. Nazipokea kwa furaha ya kweli.

Ila hakuna mwanamke anayejifungulia kwenye wastani. Hujifungulia Lobule au Ludara, wilayani Koboko, au kwenye kitanda cha wodi ya wazazi katika Hospitali ya Rufaa ya Arua. Ukitoka Koboko mjini kwenda kaskazini, safari fupi ya boda inakufikisha Oraba, mpakani. Ng'ambo ya pale ni Sudan Kusini, ambako Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 walifariki wanawake 1,223 kwa kila vizazi hai 100,000. Magharibi ni Kongo. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu, na wanawake wa Morobo (Sudan Kusini), Ingbokolo (Kongo) na Koboko wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, wanaozikana na kuozeana. Uchungu ukiwaanza usiku mmoja, nafasi zao za kuuona mchana wa kesho hazilingani hata kidogo.

Tuanze na Koboko, kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuishika. Sensa ya 2014 ilikuta wilayani humo watu 206,495. Wizara ya Afya ya Uganda, inapopanga huduma, huchukua kwamba watoto watakaozaliwa kwa mwaka ni 4.85% ya wakazi. Zidisha, upate vizazi 10,015. Tuseme elfu kumi. Kanuni ya kawaida ya wataalamu wa uzazi ni kwamba katika kila mimba mia, takriban kumi na tano zitapata tatizo kubwa: damu kutoka kupita kiasi, kifafa cha mimba, mtoto kukwama njiani, maambukizi. Hao ni wanawake 1,500 kwa mwaka. Wakihitaji upasuaji 10%, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema kinaendana na kupungua kwa vifo, ni operesheni elfu moja, karibu tatu kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo.

Sasa weka vifo. Kwa kiwango cha taifa cha 2022, Koboko ingepoteza akina mama 19 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 2016, wangekuwa 34. Kwa kiwango cha Sudan Kusini cha 2020, wangekuwa 122. Wilaya moja, vizazi vilevile elfu kumi, na tofauti ya makaburi mia moja na tatu. Pengo hilo lote linatokana na mambo yanayonunulika: mkunga aliye macho, gari lenye mafuta, chupa ya damu, friji inayopoza, daktari wa upasuaji aliye karibu.

Nasema yananunulika kwa makusudi, maana dunia imezoea kutafuta sababu ndani ya miili ya wanawake. Marekani, mwaka 2023, vifo vya uzazi kwa wanawake weusi vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wanawake weupe vilikuwa 14.5. Ni zaidi ya mara tatu, katika nchi inayotumia fedha nyingi za afya kuliko nyingine yoyote. Uingereza, ambako matibabu hayalipiwi mlangoni, ripoti ya vifo vya miaka ya 2014 hadi 2016 iliwakuta wanawake weusi wakifariki mara tano ya weupe. Miaka ya karibuni tofauti hiyo imeshuka hadi chini ya mara tatu. Kwa muda mrefu kulikuwa na watu waliotaka kuamini kwamba mwili mweusi wenyewe una kasoro. Njoo West Nile, kanda hii ya Arua na Koboko, uone. Hapa wote ni weusi, na bado tofauti iko palepale, imebadili mahali pa kukaa tu. Kule imekaa kwenye rangi, huku imekaa kwenye karatasi ya uraia, kwenye lugha ambayo mgonjwa anaijua na muuguzi haijui, kwenye kilomita, na kwenye kilichofungwa pembeni mwa kitenge. Na kama tofauti inaweza kuhama hivyo, basi haikuzaliwa na mtu.

Kilomita zina hesabu yake ya kutisha. Wataalamu wa vifo vya uzazi wanafundisha kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua ana wastani wa saa mbili tu kabla ya kufa asipopata msaada. Mfuko wa uzazi ukipasuka, ana takriban siku moja. Kifafa cha mimba, siku mbili. Uchungu uliokwama, siku tatu. Maambukizi, siku sita. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama hucheleweshwa mara tatu: nyumbani wakati wa kuamua, njiani wakati wa kwenda, na kituoni wakati wa kungoja. Chukua ile ya damu. Saa mbili ndizo zinazopaswa kutosha kumwamsha mume, kumtafuta boda, kufika kituo cha ngazi ya tatu, kugundua kwamba hapo hakuna damu wala chumba cha upasuaji, kupiga simu ya gari, na kufika kunakotakiwa. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ina lami siku hizi, na lami hiyo imeokoa watu. Ila mama hatoki barabarani. Anatoka ndani, kwenye njia za udongo ambazo mvua ikinyesha hata pikipiki inasukumwa.

Kutoka Koboko hadi hospitali ya rufaa Arua ni kama kilomita 55. Kwenda na kurudi, 110. Gari la wagonjwa aina ya Land Cruiser likienda kilomita saba kwa lita, litakunywa lita kumi na sita. Dizeli ikiwa shilingi 5,000, safari moja ni shilingi 80,000. Kwa wilaya hii ni fedha ndogo. Kwa familia inayolima muhogo na ufuta, ni msimu. Na malalamiko kwamba familia huombwa kuweka mafuta kwenye gari la serikali yamesikika Uganda nzima kwa miaka mingi, ingawa ada za matibabu katika vituo vya umma zilifutwa Machi 2001. Tuseme theluthi ya wale wanawake 1,500 wenye matatizo, yaani 500, wanahitaji kupelekwa Arua. Mafuta ya mwaka mzima kwa wote hao ni shilingi milioni 40.

Milioni 40. Tuiweke akilini namba hiyo, tuende mahakamani.

Tarehe 10 Desemba 2010, Jennifer Anguko alifariki katika wodi ya wazazi ya Hospitali ya Rufaa ya Arua. Alikuwa diwani aliyechaguliwa na wananchi, mama wa watoto watatu wadogo, tena si mtu wa kuishi mbali na msaada. Alikuwa ndani ya hospitali kubwa kuliko zote za West Nile. Mfuko wake wa uzazi ulipasuka. Baadaye hospitali ilikiri kwamba zamu ile ilikuwa na mkunga mmoja tu, na saa kumi na mbili zilipita bila daktari kumwona. Daktari bingwa aliyechunguza kifo hicho alisema mama yule alifika mapema, kwa wakati ambao angeweza kuokolewa. Yaani zile sababu mbili za kwanza za kuchelewa alikuwa amezishinda. Iliyomuua ni ya tatu.

Mwaka 2011 shirika la haki za afya la CEHURD pamoja na familia ya Jennifer, na familia ya Sylvia Nalubowa aliyefariki huko Mityana mwaka 2009, waliishtaki serikali katika Mahakama ya Katiba. Mwaka 2012 mahakama ililitupa shauri, ikisema hilo ni suala la siasa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililirudisha likasikilizwe. Tarehe 19 Agosti 2020, miaka karibu kumi baada ya kifo cha Arua, majaji waliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Waliamuru serikali itenge fedha za kutosha kwa afya ya wajawazito, iwafundishe wahudumu, na ilipe kila familia shilingi milioni 155: milioni 70 za fidia na milioni 85 za kuwa onyo.

Hakuna bei ya mama, na majaji hawakudai kuiweka. Lakini dola la Uganda liliambiwa kwa tarakimu kwamba kumpuuza mjamzito kuna gharama. Kwa hiyo naona ni haki kuilinganisha gharama hiyo na ile ya kumwokoa.

Kuanzia mwaka 2012, katika wilaya nne za magharibi mwa Uganda, Kabarole, Kamwenge, Kibaale na Kyenjojo, ulifanyika mradi mkubwa ulioitwa Saving Mothers, Giving Life, kwa fedha nyingi za Marekani. Haukuvumbua dawa mpya. Uliajiri wakunga na madaktari, ukanunua magari na pikipiki, ukafungua vyumba vya upasuaji katika vituo vya ngazi ya nne, ukahakikisha damu ipo, ukagawa vocha za usafiri. Ndani ya miaka mitano hivi vifo vilishuka kutoka 452 hadi 255 kwa kila vizazi hai 100,000, upungufu wa 44%. Wachumi waliopiga hesabu baadaye walikuta kila kifo kilichozuiwa huko kiligharimu takriban dola 10,300. Kwa kubadili dola moja kwa shilingi 3,700, ni kama shilingi milioni 38.

Kuzuia kifo kimoja, milioni 38. Kumlipia mama fidia akishakufa, milioni 155. Ni mara nne. Na hapo hatujaweka watoto watatu waliobaki bila mama.

Kuna hesabu nyingine, nayo inatoka kwenye vocha. Mradi wa vocha za uzazi uliofadhiliwa na Sweden kupitia Benki ya Dunia ulikuwa na dola milioni 13.3 na lengo la kugharimia uzazi 132,400 wa wanawake maskini. Gawanya, utapata dola mia moja kwa uzazi mmoja. Mwanamke alinunua vocha kwa shilingi 4,000, na kwa hiyo alihudumiwa kliniki, leba, hata upasuaji ukihitajika, kwenye kituo kilicholipwa kwa kila mama kilichomhudumia. Mradi ule ulikwenda magharibi na mashariki mwa nchi. West Nile haikuwemo. Kama ungeletwa Koboko na kuwafunika wote, si maskini pekee, vizazi elfu kumi kwa dola mia ni dola milioni moja kwa mwaka, yaani shilingi bilioni 3.7. Ukiigawa kwa wakazi wa sensa ile, ni shilingi elfu 18 kwa kila mtu kwa mwaka. Sasa chukua wale akina mama 19 wa kiwango cha taifa, uwalipie wote fidia ya mahakama: bilioni 2.9. Kwa kiwango cha 2016, wale 34, ni bilioni 5.3. Huduma kamili ya uzazi kwa wilaya nzima inaangukia katikati ya namba hizo mbili. Sidai kwamba vocha ingewaokoa wote. Hata mradi wa magharibi, pamoja na fedha zake, ulipunguza chini ya nusu. Nadai tu kwamba anayesema fedha hazipo anakuwa amekwisha kuchagua gharama gani ilipwe, na nani ailipe.

Mpaka hapa nimehesabu kana kwamba Koboko ina watu 206,495. Haina. Na hapo ndipo kiini cha jambo lote kilipo.

Kwanza, muda umepita. Kati ya sensa ya 2014 na ya 2024, Uganda ilikua kutoka watu milioni 34.6 hadi 45.9. Kama Koboko ilikua kwa mwendo wa taifa tu, inapita watu 270,000, na vizazi vyake ni zaidi ya elfu kumi na tatu. Makadirio ya takwimu hujitahidi kufuata ukuaji wa namna hiyo. Yasichoweza kufuata ni vita. Julai 2016 mapigano yalilipuka Juba, na watu wakamiminika kusini. Agosti mwaka huo yalifunguliwa makazi ya Bidi Bidi katika wilaya jirani ya Yumbe. Ndani ya miezi michache yalikuwa na watu zaidi ya 250,000. Februari 2017 yakafunguliwa tena makazi ya Imvepi, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa na watu zaidi ya 60,000. Rhino Camp, makazi ya tangu 1980, yana zaidi ya 100,000. Lobule, ndani ya Koboko, yalifunguliwa 2013 kwa Wakongo. Wengi katika wakimbizi hawa, karibu wanane kwa kila kumi, ni wanawake na watoto. Kwa hiyo mtu akiongezeka hapa, kinachoongezeka zaidi ni ujauzito.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 ni ya heshima, na dunia imeisifu kwa haki. Mkimbizi anapewa kiwanja, anatembea atakako, anatibiwa pale anapotibiwa raia, kwenye foleni ileile. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ilizindua mpango wa kuunganisha afya ya wakimbizi na mfumo wa taifa, hatua iliyokuwa sahihi. Lakini foleni iliunganishwa kabla ya kasha la dawa kuunganishwa. Kwa miaka mingi vituo vya ngazi ya pili na ya tatu vimepokea dawa kutoka bohari ya taifa, National Medical Stores, kwa makasha yanayoletwa kila baada ya miezi miwili. Kasha hupangwa kwa ngazi ya kituo. Halipangwi kwa idadi ya wanawake waliojifungua pale mwezi uliopita. Kituo chenye wazazi 20 kwa mwezi na kituo chenye wazazi 80 vinaweza kufungua kasha linalofanana sana.

Piga picha ya hesabu hiyo. Ukiwa na glavu, sindano za oksitosini na uzi wa kushonea vya kutosha wazazi 60, na wakaja 80, wale 20 hawapotei. Wapo. Hakuna mkunga wa kumfukuza mama mwenye uchungu, awe wa Morobo au wa Midia, hapa Koboko. Kinachotokea ni kwamba katika wiki ya saba wote, raia na mgeni, wanaambiwa wakanunue duka la dawa: glavu, pamba, wembe, karatasi ya plastiki ya kulalia. Mwenye pesa ananunua. Asiye na pesa anakwenda nyumbani kwa mkunga wa jadi. Na hapo ndipo maneno yanapoanza sokoni, kwamba wakimbizi wanamaliza dawa. Mimi nasema hapana. Anayemaliza dawa ni yule aliyepanga dawa za watu 60 huku akijua watakuja 80.

Hali ni ngumu zaidi kwa waliojitafutia vyumba mjini, Koboko na Arua. Waliomo kwenye makazi angalau mashirika yanawajua kwa namba zao. Wa mjini, wanaouza chai na mkaa, wanaozungumza Kiarabu cha Juba nyumbani na Kiswahili au Kilugbara sokoni, hawaonekani kwenye bajeti ya wakimbizi kwa sababu wametoka kambini, na hawaonekani kwenye bajeti ya mji kwa sababu si raia. Kisha kuna anayevuka mpaka asubuhi, akajifungua, akarudi kwao jioni, maana kwao hakuna kituo kilichosimama. Yeye hayuko katika idadi ya watu ya nchi yoyote siku ile. Uzazi wake upo.

Pendekezo langu ni hili, na naamini ndilo lenye nguvu kuliko mengine yote: fedha na dawa zifuate uzazi, zisifuate makazi. Kituo kilichozalisha akina mama 80 kipewe cha wazazi 80, bila kuuliza mama amezaliwa upande gani wa mto Kaya wa mpakani. Takwimu zipo tayari. Daftari la leba linaandika kila mama aliyeingia, na fomu za kila mwezi zinapanda hadi wilayani na wizarani. Utaratibu wa kulipa kwa uzazi umeshajaribiwa nchini humuhumu kwenye vocha, ukafanya kazi. Kinachokosekana ni uamuzi.

Baadhi ya vitu ni vya bei ndogo kiasi cha kuumiza. Oksitosini, sindano inayosaidia mfuko wa uzazi kujikaza, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa miaka mingi West Nile iliishi kwa umeme wa kituo kidogo cha Nyagak, megawati 3.5 kwa eneo zima, uliokuwa ukikatika mara kwa mara. Gridi ya taifa ilifika Arua mwaka 2024 kwa njia ya kilovolti 132. Friji isiyopoza inatoa sindano inayoonekana nzima na isiyofanya kazi, na mkunga hana namna ya kujua. Ipo dawa ndugu yake, kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, Uganda ikiwemo, matokeo yakatoka 2018. Kwa vituo vya ndani kama Kuluba, dawa ya namna hiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kwenye kasha. Asidi ya traneksamiki, iliyojaribiwa kwa wanawake 20,060 na kutangazwa 2017, inapunguza vifo vya kutokwa damu kwa takriban theluthi ikitolewa ndani ya saa tatu. Na mwaka 2023 utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 210,000, ulionyesha kwamba shuka ya plastiki yenye alama za kupimia damu, pamoja na wakunga kutoa tiba zote kwa mpigo badala ya moja baada ya nyingine, hupunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa 60%. Shuka ya plastiki! Kabla yake macho yalikuwa yakikadiria, na macho hukosea kwa kupunguza.

Damu yenyewe Arua inayo mahali pake: moja ya benki za damu za kanda za Uganda iko mjini humo. Lakini mama wa hapa anaingia leba akiwa tayari na upungufu. Utafiti wa 2016 ulikuta 32% ya wanawake wa Uganda wa umri wa kuzaa wana damu pungufu. Kwa wakimbizi, chakula kilikatwa: Aprili 2020 mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulishushwa hadi 70%, fedha za chakula zikatoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi hadi 22,000, Februari 2021 mgao ukashuka hadi 60%, na Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba wakimbizi milioni moja nchini wanaondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula kwa kukosa fedha. Mwanamke asiyepata maharage wala mboga miezi tisa hawezi kupoteza nusu lita ya damu kama anayekula. Makato ya chakula hayaandikwi kwenye bajeti ya uzazi, lakini wodi ya wazazi ndiyo inayoyalipa.

Nimewaacha wakunga mwisho kwa sababu wao ndio gharama kubwa kuliko zote na ndio wasiokwepeka. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani ni mkunga mmoja kwa vizazi 175 kwa mwaka. Vizazi elfu kumi vinataka wakunga 57. Vizazi elfu kumi na tatu, 74. Tena ipo hesabu ya saa: wiki ina saa 168, na mkunga anayefanya kazi saa 40 hutimiza chini ya robo yake. Ili kituo kimoja kiwe na mkunga mmoja tu kila saa ya mwaka, kinahitaji wanne na ziada. Ukiweka likizo, ugonjwa na mafunzo, watano. Muundo wa zamani uliopangia kituo cha ngazi ya tatu watumishi 19 wa kila aina uliweka wakunga wachache kuliko hapo. Mtu aliyekaa leba peke yake usiku na wazazi watatu hawezi kulaumiwa kwa ukali wa ulimi pekee. Ukali upo, tusiufiche, na anayeupata zaidi ni yule asiyeweza kujibu kwa lugha ya muuguzi. Mkunga aliyetoka kusini mwa nchi na mgonjwa anayejua Kidinka tu wanaelewana kwa vidole. Mama anashindwa kueleza kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona giza, dalili za kifafa cha mimba, ugonjwa ambao sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari yake kwa nusu. Mkalimani wa zamu angegharimu sehemu ndogo ya mshahara wa mkunga. Katika miji ambako kijana wa kawaida anaongea Kikakwa, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili kabla hajamaliza shule, watu wa kazi hiyo hawakosekani.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na wilaya huanza kukusanya mahitaji yao miezi mingi kabla. Mwaka 2001, huko Abuja, marais wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Uganda haijawahi kufika hapo. Kabla ya kuingia kwenye ubishi huo mkubwa, maofisa wa Koboko na Arua wanaweza kupeleka mezani namba chache kutoka kwenye madaftari yao wenyewe: uzazi uliofanyika kila kituo, uzazi ambao kasha la dawa liliugharimia, usiku ambao leba ilikuwa na mkunga mmoja au hakuna, na safari za kwenda Arua ambazo familia ililipa mafuta. Hiyo ya mwisho waanze nayo. Ni zile milioni 40 za mafuta.